Akili mnemba huona majani, haioni mizizi

Mti wa mjini huuawa kuanzia chini. Udongo ulioshindiliwa kwa mitambo ya barabara, shimo la mita moja kwa mita moja lililobanwa na zege pande zote, bomba lililopita sentimita 40 chini ya mche, kiangazi kisicho na mtu wa kumwagilia: hayo ndiyo yanayomaliza miti, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye picha ya setilaiti. Hata hivyo, karibu mifumo yote ya akili mnemba inayonadiwa kwa jina la kupanga miji ya kijani huutazama mji kutoka juu. Teknolojia yenyewe si mbovu. Inabebeshwa uamuzi isioweza kuubeba, huku kazi inayoimudu ikifanywa nusunusu.

Kazi inayoimudu ni kuona na kuhesabu eneo kubwa kwa muda mfupi. Setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya hupiga picha karibu nchi kavu yote takriban kila siku 5, kwa pikseli za mita 10 (yaani kila nukta ya picha ni eneo la mita 10 kwa 10), na picha hizo hutolewa bure. Jani lililo hai hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, usioonekana kwa jicho, kwa hiyo hesabu ndogo tu inatosha kupima ukijani: infraredi kutoa nyekundu, kisha gawanya kwa infraredi jumlisha nyekundu. Pikseli yenye infraredi 0.45 na nyekundu 0.08 inatoa 0.37 gawanya kwa 0.53, yaani karibu 0.70. Hicho ndicho kielezo cha uoto, NDVI. Nyasi bandia za uwanjani, ambazo kwa jicho ni kijani kibichi, kwa kawaida hazikidanganyi, kwa sababu hazina ile tofauti kubwa kati ya nyekundu na infraredi inayotokana na jani hai.

Lakini 0.70 hiyohiyo hutoka kwenye mti mkubwa uliokomaa na kwenye nyasi za uwanja wa gofu zinazomwagiliwa kila jioni. Kielezo hakijui kivuli. Mji unaojipima kwa NDVI peke yake unaweza kukata miti, ukatandika nyasi, na ripoti ya mwaka ikasema ukijani umeongezeka. Hapo ndipo modeli inayojifunza, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, inapohitajika: inafundishwa kwa picha za sentimita 30 hadi 50, au kwa vipimo vya leza vilivyochukuliwa kwa ndege, ili itenganishe mti na nyasi kwa umbo, kivuli na urefu. Mti wenye mwavuli wa majani wa mita 4 huchukua pikseli 13 hivi kwa upana kwenye picha ya sentimita 30. Kwenye pikseli ya mita 10 unamezwa wote. Mche wa mwaka wa kwanza, wenye majani yanayofunika mita moja ya mraba, ni asilimia 1 tu ya pikseli hiyo, kwa hiyo anayehakiki upandaji wa mwaka jana kwa picha za Sentinel-2 anatwanga maji kwenye kinu.

Muundo wa modeli unaotumika sana kwa kazi hii ni U-Net, uliobuniwa mwaka 2015 kwa ajili ya picha za kitabibu. Kuufundisha kwa mji mmoja hakuhitaji mitambo ya ajabu; kadi moja nzuri ya michoro na saa kadhaa hutosha. Kazi ngumu ni kuandaa mifano. Picha hukatwa vipande vya pikseli 256 kwa 256, mtu hukaa akachora mpaka wa kila mwavuli kwa mkono, na vipande mia mbili au tatu ndio mwanzo wa maana. Vipande hivyo vikichukuliwa kwenye mitaa yenye bustani kubwa tu, kwa kuwa ndiko miti inakoonekana vizuri, modeli itajifunza kwamba mti ni kitu cha duara kilichosimama peke yake uani. Ikipelekwa kwenye makazi yaliyosongamana, ambako mti umechomoza kati ya mapaa mawili na nusu yake imo kivulini, haitauona. Mitaa iliyochorwa vibaya ndiyo hiyohiyo itakayopangiwa miradi.

Misimu nayo ina ujanja wake. Miti inayopukutisha majani huonekana kama ardhi tupu kwenye picha ya kiangazi, na magugu ya masika huonekana kama bustani. Picha moja haitoshi. Chukua za mwaka mzima, ondoa mawingu, tumia thamani ya kati ya kila pikseli kwa kila msimu, kisha ndipo uipe modeli.

Sasa tuje kwenye neno linalopendwa na wauzaji: usahihi. Ikiwa miti inafunika asilimia 8 ya mji, modeli inayosema "hapa hakuna mti" kwa kila pikseli, bila kutazama chochote, ina usahihi wa asilimia 92. Ukionyeshwa namba moja ya usahihi wa jumla, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Uliza mambo mawili kuhusu miti pekee: kati ya vilivyoitwa miti, vingapi ni miti kweli, na kati ya miti iliyopo, mingapi imeonekana. Kisha uliza sehemu za majaribio zilipatikanaje. Pikseli zinazopakana hufanana, kwa hiyo ukizichanganya kama karata na kutenga baadhi kwa majaribio, modeli inajaribiwa kwa maswali iliyokwisha kuyaona. Inatakiwa mitaa mizima itengwe, mitaa ambayo modeli haijawahi kuikanyaga. Alama zitashuka, na zilizoshuka ndizo za kweli.

Makosa yanayobaki yanaweza kusahihishwa kwa hesabu ambayo watu wengi huiruka. Chukua mji wa mfano wa hekta 10,000. Ramani inasema hekta 1,000 ni miti na 9,000 si miti. Unachagua kwa bahati nasibu nukta 300 ndani ya kundi la kwanza na 400 ndani ya kundi la pili, na mtu anazikagua moja moja kwenye picha kali. Kati ya 300, nukta 255 ni miti kweli, sawa na asilimia 85. Kati ya 400, nukta 12 kumbe ni miti, asilimia 3. Eneo lililosahihishwa ni 1,000 mara 0.85 ukijumlisha 9,000 mara 0.03, yaani 850 na 270: hekta 1,120. Ile asilimia 3 iliyoonekana ndogo imeficha hekta 270, karibu robo ya miti yote ya mji, na kwa kawaida ni miti midogo ya nyua na vichochoro.

Na kama swali ni moja tu, kwamba ni asilimia ngapi ya eneo letu ina miti, basi akili mnemba haihitajiki kabisa. Nukta 1,000 za bahati nasibu zikitoa asilimia 11, kosa la sampuli ni kama pointi 2 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ni kazi ya mtu mmoja kwa siku mbili tatu, na programu ya i-Tree Canopy inayotolewa na Huduma ya Misitu ya Marekani huifanya bila malipo. Modeli inalipwa kwa swali la "wapi". Kuilipia kwa swali la "kiasi gani" ni kununua trekta la kulimia kitalu cha mchicha.

Ramani za joto zinahitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu zinavutia macho na kila mkutano huziamini. Nyingi hutoka kwenye setilaiti za Marekani za Landsat 8 na 9, ambazo kipima joto chao huona kwa mita 100 na hupita juu ya mahali kwenye saa 4 asubuhi hivi. Kinachopimwa ni joto la ngozi ya ardhi: lami, paa, majani yaliyo juu. Joto la hewa anayoivuta mtu aliyesimama kituoni ni jambo jingine, na joto la saa 3 usiku, ambalo humnyima mtu usingizi na humdhuru mzee, ni jingine tena. Kuna mtego mwingine ambao hatuusikii ukisemwa vya kutosha. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo ya joto kuliko zege au udongo wenye joto lilelile. Hesabu zikifanywa kana kwamba kila paa ni zege, mtaa wa mabati hutoka kwenye ramani ukiwa baridi kuliko ulivyo. Watu wanaokaa chini ya bati hilo adhuhuri wanajua ukweli, lakini hawamo kwenye hesabu.

Dawa ipo. Kifaa cha ECOSTRESS, kilichofungwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa mwaka 2018, hupita kwa saa tofautitofauti, usiku ukiwemo, na huona kwa takriban mita 70. Juu ya hapo, weka vipimajoto vya hewa 20 hadi 40 mitaani, kwa urefu wa mita 2 hadi 3, kila kimoja ndani ya kinga nyeupe inayopitisha hewa. Kipimajoto kisicho na kinga hupima jua lililokipiga badala ya hewa, na nyuzi kadhaa za uongo huingia kwenye data bila mtu kujua. Mwezi mmoja wa msimu wa joto unatosha kuifundisha modeli uhusiano kati ya kinachoonekana na setilaiti na kinachohisiwa na mwili.

Maji ya mvua yana kisa kinachofanana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 40 juu ya hekta moja ya lami, ikiwa asilimia 90 inatiririka, ni mita za ujazo 360. Bustani ya mvua ya mita za mraba 300 yenye kina cha sentimita 20 inashika 60, ukiacha kando kinachozama ardhini. Hesabu hii unaifanya kwa kalamu. Modeli inahitajika kujua maji yanaelekea wapi, na hapo ndipo ramani za mwinuko zinapoiangusha. Ramani za dunia nzima zenye pikseli za mita 30 haziuoni mtaro wa sentimita 60. Baadhi huhesabu mapaa na vilele vya miti kama ardhi, maji yakaonekana yakipanda nyumba. Barabara iliyoinuliwa huwa bwawa kwa sababu kalvati lililo chini yake halionekani kutoka juu, na modeli inachora ziwa mahali ambapo maji hupita salama kila masika. Kabla ya kuendesha chochote, mtu aliyevaa buti aende akapime kila kalvati, kipenyo na kina, na ramani itobolewe hapo ili maji yapite. Jihadhari pia na modeli za mkato zinazofundishwa kwa matokeo ya uigaji kamili wa kompyuta ili zijibu kwa sekunde badala ya saa. Zinafaa sana kulinganisha mipango mia moja, ila zikiulizwa kuhusu mvua kubwa kuliko zote zilizofundishwa nazo, hujibu kwa ujasiri uleule bila msingi.

Baada ya kuona na kupima huja kuchagua, na hapa ndipo siasa huingia ikiwa imevaa koti la hesabu. Mfumo hupewa vigezo: joto, idadi ya watu, upungufu wa miti, mafuriko, nafasi ya kupandia. Kila kigezo hupewa uzito, na orodha ya mitaa inatoka. Nani alipanga uzito? Mara nyingi ni mhandisi mmoja, alasiri moja, akiacha thamani za mwanzo za programu. Jaribio la lazima ni rahisi: badilisha uzito mara tatu nne kwa namna zinazoweza kutetewa, uone ni mitaa ipi inabaki kwenye kumi bora kila mara. Hiyo ianze. Inayopanda na kushuka ijadiliwe na watu, kwa sababu kompyuta haina jibu lake.

Kosa baya zaidi ni kuifundisha modeli "mahali panapofaa miti" kwa kutumia mahali ambapo miti imestawi tayari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia miji 108 ya Marekani na kukuta kwamba, kwa sehemu kubwa, mitaa iliyonyimwa mikopo ya nyumba miaka ya 1930 kwa misingi ya rangi leo ina joto kuliko mitaa jirani, na uhaba wa miti ni sababu mojawapo. Modeli iliyofunzwa kwa ramani kama hiyo ingehitimisha kwamba mitaa ile haifai miti. Ingekuwa imejifunza historia, ikaiita ikolojia.

Kanuni ya 3-30-300 iliyopendekezwa na mtafiti wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk mwaka 2021 inasaidia kwa sababu inampa kila mkazi haki inayopimika: miti 3 inayoonekana kutoka nyumbani, asilimia 30 ya mtaa ikiwa chini ya miavuli ya miti, na mita 300 hadi eneo la wazi la kijani lililo karibu. Ila mita 300 zipimwe kwa njia anayopita mtu kwa miguu. Mstari ulionyooka huvuka ukuta na barabara kuu kana kwamba havipo. Na "nafasi ya kupandia" itazamwe kwa jicho kali. Mfumo huondoa majengo na barabara, kinachobaki hukiita tupu, na ndani ya utupu huo mna uwanja wa mpira, gulio la wiki, makaburi na njia ya nyaya za umeme.

Tufike basi kwenye mizizi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa miti ya mjini ni karibu mita za ujazo 0.6 za udongo kwa kila mita ya mraba ya mwavuli unaotarajiwa. Mwavuli wa kipenyo cha mita 8 una mita za mraba 50, kwa hiyo unataka mita za ujazo 30: kwa kina cha mita moja, hilo ni eneo la mita 6 kwa 5. Shimo la kawaida la pembeni mwa barabara, mita 1.2 kwa 1.2 kwa kina cha mita 1, ni mita za ujazo 1.44, chini ya asilimia 5 ya mahitaji. Mti huo hautafikisha mita 8. Utadumaa, au mizizi itafumua vigae ikitafuta hewa, na manispaa itaukata. Lakini uigaji wa kompyuta ulikwisha kuupa kivuli cha mita 8 na nyuzi za joto ulizodhani mti utapunguza, na bajeti ikapitishwa kwa kivuli hicho. Ukiulizwa swali moja la kumuuliza mtengeneza mfumo, liwe hili: ukubwa wa mwavuli wa mwaka wa 20 umeukadiria kutokana na udongo kiasi gani?

Data za chini lazima zichimbwe. Anza na ramani za mabomba na nyaya, ukijua kwamba zilichorwa kabla ya kazi kufanyika na mara nyingi kilichojengwa kilisogezwa. Pale inapowezekana, rada ya kupenya ardhi ipitishwe, na shimo la majaribio lichimbwe kwa mkono. Kwa maji, chimba shimo la sentimita 30 kwa upana na kina, lijaze, liache likauke, lijaze tena na upime: maji yakishuka chini ya milimita 25 kwa saa, udongo huo unatuamisha, na miche mingi itaoza mizizi. Vipimo 150 vya namna hii, vikitawanywa kwa aina za udongo na umri wa mitaa, vinaipa modeli kitu cha kujifunza. Kwa maoni yetu, mji wenye fedha chache ununue vipimo hivyo kabla ya picha ghali.

Suala la aina za miti ni fupi ila linaumiza. Ukiiachia programu itafute mti wenye kivuli kikubwa, maji machache na matunzo rahisi, itauchagua mmoja na kuupanda kila mahali, maana hivyo ndivyo hesabu ya ubora inavyofanya. Miji ya Amerika Kaskazini iliwahi kufanya hivyo bila kompyuta. Ilipopoteza miti ya jamii ya elm kwa ugonjwa, wengi walijaza nafasi kwa aina nyingine ya mti, ash, na mdudu wa ash aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 akaangamiza mamilioni. Mtaalamu wa jenetiki ya miti wa Marekani, Frank Santamour, alikuwa amependekeza mwaka 1990 kikomo cha asilimia 10 kwa spishi, 20 kwa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) na 30 kwa familia (kundi la jenasi). Melbourne, Australia, ikakaza zaidi kwa 5, 10 na 20. Vikomo hivi viandikwe ndani ya programu kama sharti lisilovunjwa. Programu za kupiga soga zinazojibu kwa sentensi tamu zisipewe kazi ya kuchagua miti hata kidogo: zinaweza kupendekeza mmea vamizi kwa ufasaha mkubwa. Zifupishe maoni ya wananchi, na hata hapo kila hoja ibaki na namba ya barua ilikotoka.

Kuanzia siku ya kupanda, kila mti uwe na namba yake. Melbourne ilipoipa miti yake anwani za barua pepe ili watu waripoti matawi yaliyovunjika, watu waliishia kuiandikia barua za mapenzi. Hasara haikuwepo, kwani kila mti tayari ulikuwa na rekodi. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, katika kampeni yake ya miti milioni moja, iliweka alama na mahali pa kila mti kwenye programu ya simu, na watunzaji hulipwa pale inapothibitishwa kwa picha kwamba mti bado uko hai. Malipo yaliyofungwa kwenye uhai yanafanya kazi ambayo malipo yaliyofungwa kwenye idadi ya mashimo hayawezi.

Hesabu ya mwisho ni ya lori. Mche mpya unahitaji lita 50 hadi 80 kwa wiki wakati wa ukavu, kwa miaka 2 ya kwanza. Miche 500 kwa lita 60 ni lita 30,000, safari tatu za lori la lita 10,000, kila wiki. Dereva aandike namba ya mti, tarehe na lita. Safu hizo tatu ndizo zitakazoiwezesha modeli ya mwaka wa tatu kueleza kwa nini mti wa 217 ulikauka na wa 218, ulio mita 6 kutoka hapo, unatoa kivuli.